Funguo Mbili, Pete Moja

Shangazi aliponikabidhi bajaji alinipa masharti matatu. Hesabu elfu ishirini kila jioni. Nisipakie mbuzi. Na funguo zisitengane hata siku moja.

La mbuzi nililivunja wiki ya kwanza, maana mbuzi alikuwa na nauli. Hili la funguo nililishika kama amana, nalo ndilo lililoniumbua pale mataa ya Buguruni, mchana kweupe.

Chanzo ni wizi. Jirani wa shangazi kule Tandika aliegesha bajaji mlangoni, akaingia ndani kunywa chai, akatoka na kikombe mkononi akakuta alama za matairi tu. Tangu siku hiyo shangazi hakupata usingizi. Akaipeleka ya kwake Gerezani kwa fundi umeme, ikarudi ina ulinzi kuliko benki: boksi dogo jeusi chini ya dashibodi, funguo mbili zenye vichwa vinene vya plastiki, na kitaa chekundu ubavuni mwa swichi. Ufunguo ukikubaliwa, kitaa kinawaka kidogo kisha kinazima. Ukikataliwa, kinapepesa kama jicho lililoingia pilipili, na injini uibembeleze utakavyo, haiwaki.

"Ukipoteza mmoja, kutengeneza mwingine ni hela nyingi," shangazi akasema. Akazitia zote mbili kwenye pete moja, akaifunga na kipande cha khanga kuukuu, fundo juu ya fundo. Sikuuliza. Mwenye mali ni yeye, mimi wangu usukani.

Siku tatu za mwanzo mambo shwari. Ya nne chombo kikaanza kudeka. Asubuhi kinagoma, nikichomoa ufunguo na kuurudisha kinakubali. Nikazoea: nikawa naufuta kwanza kwenye suruali, naupuliza, ndipo nachomeka. Kijiweni wakiniuliza nawaambia hii ya kisasa, ina mambo yake.

Jumamosi, saa nane mchana, nikapata safari ya maana, Temeke hadi Magomeni. Makungwi watatu wanakwenda kumfunda mwali. Mmoja bibi mzee, mwembamba kama fimbo, ndiye somo mwenyewe; wasaidizi wake wawili ni wa miraba minne. Na mizigo juu: ngoma, mkeka, ungo, fuko la asumini, na chetezo kimeviringishwa kwenye kitenge. Injini ya bajaji iko nyuma, chini ya abiria, na siku ile niliionea huruma.

Mataa ya Buguruni unayajua. Ukikuta trafiki ameamua kuita magari kwa mkono, unaweza kuzima chombo, ukala muhogo, ukanawa. Nikazima kubana mafuta. Mara trafiki huyo anatupungia tupite. Nikazungusha ufunguo.

Pe-pe-pe-pe, kitaa kinanipepesea.

Nikachomoa, nikafuta, nikapuliza, nikachomeka. Pe-pe-pe-pe. Nyuma yangu daladala ikalia honi, konda akatoa kichwa dirishani: "We bajaji, umekuja kupanga chumba?"

Wasamaria hawakosekani mjini. Wakajitokeza wanne, wakiongozwa na muuza karanga, wakasema itasukumwa itashika. Nikawaomba abiria washuke kidogo. Bibi akasema hashuki, yeye amelipia kupelekwa. Basi tukasukumwa na ngoma yetu, nikaachia klachi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tukawa tunaruka kama chura tu. Baadaye ndiyo nilikuja kuambiwa kwamba boksi lile linakata moto wa plagi, kwa hiyo wangenisukuma mpaka Chalinze isingewaka. Wakati ule nilimlaumu muuza karanga kwamba hasukumi kwa nia.

"Mwanangu," bibi akasema kutoka nyuma, "hii ni husda."

"Ni umeme, bibi."

"Husda haina umeme?"

Kabla sijajibu alishafungua kitenge, kiberiti kimeshalia, na udi umeshaanza kufuka. Mimi nimeinama nachungulia waya wa betri, nashtukia nimo ndani ya wingu. Nje wakaona moshi unatoka bajaji iliyozibwa na watu. Sauti moja ikapiga kelele, "Inaunguaaa!" Muuza maji, kijana mwenye moyo wa dhahabu na akili ya haraka mno, akaja mbio na ndoo yake, chupa na vipande vya barafu humo humo, akamwaga yote kwa mkupuo mmoja.

Chetezo hakikuguswa. Maji yalimpata bibi.

Buguruni nzima ilinyamaza, nawaapia. Hata honi. Bibi akajipangusa uso kwa ncha ya khanga, taratibu, ua moja la asumini limemganda shavuni, akauliza, "Nani huyu?" Muuza maji hakuonekana tena. Ndoo aliiacha.

Trafiki akafika kwa hasira zake. "Dereva, hapa si gereji!" Kisha akaona kilichomo ndani, sauti ikashuka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sukuma."

Akasukuma. Na gwanda jeupe lile, akatupeleka mpaka pembeni, kwenye kivuli cha kibanda cha vocha.

Hapo ndipo bibi aliponyoosha mkono. "Hebu lete huo ufunguo." Nikampa. Akauinua usawa wa macho, ukawa unaning'inia na mwenzake kwenye lile fundo la khanga. "Hizi mbili zinafanya nini pamoja?"

"Shangazi kaziunga, bibi. Zisipotee."

"Mlango mmoja, wake wawili, wote wanaitika hodi kwa mpigo. Na wewe unategemea amani?"

Wasaidizi wakacheka hadi bajaji ikayumba. Nami nikacheka, kwa adabu, huku nampigia fundi wa Gerezani. Nikaweka sauti kubwa ili abiria wasikie kwamba kosa si langu.

Fundi akauliza swali moja tu. "Funguo ziko ngapi kwenye pete?"

"Mbili."

Akaguna. Akanieleza kwamba ndani ya kichwa cha kila ufunguo mna chipu ndogo kama punje ya mchele, haina betri. Kulizunguka tundu la swichi mna koili ya waya. Ukichomeka, koili inarusha mawimbi yasiyofika mbali, sentimita chache tu, chipu inapata nguvu kutoka humo humo na kutaja namba yake. Boksi likiijua namba linaruhusu moto. "Sasa ukizileta chipu mbili hapo mdomoni, zote zinajibu pamoja, boksi halisikii hata moja. Ule wa pili ukining'inia mbali kidogo, inawaka. Ukiulalia mwenzake, basi. Ndiyo maana nilimwambia mama, ufunguo mmoja autunze nyumbani."

Hakuna aliyesema kitu. Bibi alikuwa anatazama barabarani kama mtu asiyehusika, ila ule mdomo wake! Nimeuona ukijikunja hivi, kwa raha.

Fundo lenyewe sasa lilikuwa limelowa, halifunguki. Akalifungua kwa meno. Akanipa ufunguo mmoja, wa pili akautumbukiza kifuani. "Huyu mdogo nakaa naye mimi mpaka tufike."

Nikachomeka. Kitaa kikawaka, kikazima. Injini ikashika kwa mara moja, muuza karanga akashangilia na kudai ni mkono wake.

Magomeni tukafika karibu na saa kumi na moja. Vigelegele, mizigo ikashushwa, bibi akaingia ndani, mlango ukafungwa. Ngoma ikaanza. Mimi nikiwa nje na nauli yangu mkononi nikakumbuka kifua cha bibi kimeondoka na nini. Nikabisha. Msichana akachungulia: mwanamume haingii, na somo haitwi mpaka amalize. Atamaliza lini? Akaangalia juu, kama anayehesabu. Baada ya isha, labda.

Simu ikaita. Shangazi.

"Saa hizi uko wapi? Hesabu ipo?"

"Ipo, shangazi."

"Na funguo zangu, ziko pamoja?"

Ndani wakapiga kigelegele kirefu.

"Mmoja ninao, shangazi. Mwenzake yuko ndani, anafundwa."