Dumas Malone na Thomas Jefferson: mwandishi alipompenda mno mtu wake

Juzuu ya kwanza ya wasifu wa Thomas Jefferson, kazi ya mwanahistoria Dumas Malone, ilitoka mwaka 1948. Ya sita ilitoka 1981, mwandishi akikaribia miaka 90 na macho yake yameshaisha nguvu. Juzuu tano za mwanzo zilimpatia tuzo ya Pulitzer mwaka 1975, na aliistahili. Barua, safari na mivutano ya kisiasa ya Jefferson, mwandishi wa Azimio la Uhuru la Marekani na baadaye rais wa nchi hiyo, vyote alivifuatilia kwa uvumilivu ambao wachache wameuweza.

Jambo moja alilikataa katakata: kwamba Jefferson alizaa na Sally Hemings, mtumwa wake wa Monticello, shamba na makazi yake kule Virginia.

Wanaomtetea wana hoja. Aliyeichapisha habari hiyo gazetini mwaka 1802, James Callender, alikuwa na kinyongo na Jefferson kwa kunyimwa cheo. Barua za Jefferson hazisemi kitu. Mwanahistoria anayepokea kila uvumi hafai kazi hiyo, na vipimo vya vinasaba havikuwapo Malone alipokuwa akiandika.

Lakini Callender hakuwa shahidi pekee. Mwaka 1873 Madison Hemings, mwana wa Sally, alieleza katika gazeti moja la Ohio kwamba baba yake ni Jefferson. Wajukuu wa Jefferson wao walisema watoto wale ni wa wapwa zake, akina Carr. Pande zote mbili ni watu wa familia wakisimulia mambo ya nyumbani kwao, na kila upande una maslahi yake. Malone aliuamini mmoja na kuupuuza mwingine, kwa sababu alishajiaminisha kuwa Jefferson hawezi kutenda jambo kama lile. Hapo ndipo ninapomlaumu. Mwanasheria na mwanahistoria Annette Gordon-Reed aliligusa donda hilo mwaka 1997: kwa nini neno la waliokuwa watumwa lidaiwe ushahidi ambao neno la mabwana halidaiwi?

Kinachonigusa zaidi ni kwamba Malone mwenyewe ndiye aliyetoa ushahidi. Jefferson alikuwa mtu wa safari, na Malone aliorodhesha kwa uaminifu tarehe za kuwapo kwake na kutokuwapo. Mwaka 1968 mwanahistoria Winthrop Jordan alizilinganisha na tarehe za kuzaliwa kwa watoto wa Sally: kila Sally alipotunga mimba, Jefferson alikuwa Monticello.

Vipimo vya vinasaba vya mwaka 1998 viliwaondoa akina Carr na kuonyesha kwamba uzao wa Eston, mwana wa mwisho wa Sally, ni wa ukoo wa Jefferson kwa upande wa kiume. Vipimo peke yake havimtaji Thomas, ila vikiwekwa pamoja na zile tarehe na maneno ya Madison, shaka inayobaki ni ndogo sana. Mwaka 2000 taasisi inayotunza Monticello ilikubali hivyo.

Wapo wanaotaka juzuu hizo ziwekwe kando kabisa. Sikubaliani nao. Kwa urais wa Jefferson na diplomasia yake, bado namwendea Malone. Kwa yaliyotokea ndani ya Monticello namwendea Gordon-Reed, ambaye kitabu chake cha 2008 kuhusu akina Hemings kimetumia hata daftari la shamba la Jefferson, lenye majina ya watumwa, kuzaliwa kwao na mablanketi waliyogawiwa. Daftari hilo lilikuwapo tangu zamani, na Malone naye alikuwa nalo.