Aliyepigwa Waziwazi Arudi Kwanza Kwenye Foleni

Kila bondia mkubwa anapoangushwa, kambi yake huanza kudai pambano la marudiano kabla hata uvimbe haujashuka usoni. Aliyeshindwa kwa pointi chache, au aliyedhulumiwa na majaji, namuunga mkono arudiane na mpinzani wake mapema iwezekanavyo. Lakini aliyepigwa waziwazi hana anachodai. Awapige kwanza wengine, ndipo aje kubisha hodi kwa bingwa.

Mfano ninaouheshimu kuliko yote ni wa George Foreman. Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, alipanda ulingoni akiwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, ameshinda mapambano yake yote 40, na 37 kati ya hayo kwa KO, yaani kwa kumpiga mpinzani asiweze kuendelea. Muhammad Ali akaegemea kamba, akamwacha arushe makonde hadi mikono ikawa mizito, kisha akamwangusha katika raundi ya nane. Baadaye Foreman alilalamikia kamba zilizolegea, hesabu ya mwamuzi na hata maji aliyopewa anywe. Malalamiko hayo hayakumpa haki ya marudiano, na Ali hakukosea kuwapa nafasi wengine mwaka 1975, kwa kuwa Foreman hakupigana pambano rasmi hata moja mwaka huo.

Mwaka 1976 mambo yalibadilika. Mwezi Januari, Foreman aliangushwa mara mbili na Ron Lyle katika raundi ya nne, akainuka, akammaliza katika raundi ya tano. Mwezi Juni akamsimamisha Joe Frazier, pia katika raundi ya tano. Hapo alikuwa ameipata haki yake kwa jasho, na Ali, ninayempenda kuliko bondia mwingine yeyote, alipaswa kumkubalia. Hakumkubalia. Machi 1977 Foreman alishindwa na Jimmy Young huko San Juan, akastaafu, na nafasi ikapotea.

Siku hizi kipengele cha marudiano huandikwa kwenye mkataba kabla ya ngumi ya kwanza kurushwa, kwa hiyo bondia hulindwa na wanasheria hata akipigwa namna gani. Tarehe 22 Februari 2020, katika pambano lao la pili, Tyson Fury alimwangusha Deontay Wilder mara mbili, damu ikimtoka sikioni, mpaka Mark Breland, mkufunzi wa kona ya Wilder, akatupa taulo kusalimu amri katika raundi ya saba. Wilder alimlaumu Breland kwa kumwokoa, akalaumu na uzito wa vazi aliloingia nalo ulingoni. Hata hivyo, Mei 2021 msuluhishi aliamua kwamba mkataba unampa pambano la tatu, na pambano la Fury na Anthony Joshua lililokuwa likipangwa Saudi Arabia likafa. Joshua alikutana na Oleksandr Usyk badala yake, akapoteza mikanda yake.

Najua nitajibiwa kwamba pambano hilo la tatu, la Oktoba 2021, lilikuwa tamu. Ni kweli: Fury alianguka mara mbili katika raundi ya nne, na Wilder mara mbili kabla ya kumalizwa katika ya 11. Ila utamu wa watazamaji ni jambo moja na haki ya bondia ni jingine, na mshindi alikuwa yule yule. Wilder aliyapokea makonde hayo bila kupambana na mtu mwingine yeyote katikati, jambo ambalo lingetuonyesha kama amepona na kama amejifunza chochote. Floyd Patterson naye alipigwa na Sonny Liston mwaka 1962 kwa dakika 2 na sekunde 6. Aliporudiana naye moja kwa moja mwaka uliofuata, alidumu sekunde nne zaidi.

Vyama vinavyotoa mikanda vingeweza kulimaliza suala hili kwa kanuni moja: kipengele cha marudiano kisitumike pale pambano linapoisha kwa KO isiyo na utata, mpaka aliyeshindwa amshinde mpinzani mmoja aliye kwenye orodha ya juu. Akishamshinda, bingwa asiruhusiwe kumkwepa kama Ali alivyomkwepa Foreman.