Kocha wa sataranji ughaibuni ni mlezi, tukubali tusikubali

Siku moja watoto wawili waligombana darasani kwangu kwa sababu ya tembo. Mmoja alitoka katika nyumba wanamozungumza Kirusi, mwenzake Kihindi. Wa kwanza alisema tembo huenda mshazari. Wa pili akaapa kuwa tembo huenda moja kwa moja, mbele na kando, na mshazari haujui kabisa. Sauti zikapanda, kete zikaanguka, yule wa Kirusi akaanza kulia. Nilipofika mezani nikakuta wote wawili wanasema kweli. Kwa Kirusi, tembo ni ile kete ambayo wengi wetu tunaiita askofu. Kwa Kihindi, tembo ni ngome, na askofu wetu kwao ni ngamia. Wafaransa askofu huyo huyo humwita mwendawazimu. Kwa Wajerumani ni mkimbiaji.

Aliyelia alikuwa na miezi mitatu tu katika nchi ile. Shuleni alikuwa hajaweza hata kuomba ruhusa ya kwenda msalani kwa lugha ya wenyeji. Kwenye ubao wa sataranji ndiko alikokuwa na uhakika wa kila kitu, na siku ile hata huko akaambiwa hajui.

Nafundisha sataranji, au chesi kama wengi tulivyozoea kuiita, nje ya nchi yangu kwa miaka mingi sasa. Wanafunzi wangu wengi ni wageni kama mimi: watoto wa wahamiaji, wa wakimbizi, wa wafanyakazi wanaohamishwa kila baada ya miaka miwili. Nikiulizwa kazi yangu hasa ni nini, kisa cha tembo ndicho kinachonijia, kwa sababu siku ile sikufundisha hatua hata moja. Niliketi na watoto wale, nikawaomba kila mmoja anitajie majina ya kete zote kwa lugha ya nyumbani kwao, tukayaandika kwenye karatasi kubwa na kuibandika ukutani. Wengine wakaja na ya kwao. Somo la saa nzima likaishia hapo. Mzazi mmoja alilalamika kwamba amelipia mchezo, hakulipia majina. Nilimwelewa, ila sikukubaliana naye, na mpaka leo sijakubaliana naye.

Sheria zenyewe ziko upande wangu. FIDE, shirikisho la sataranji la dunia lililoundwa Paris mwaka 1924, lina kaulimbiu ya Kilatini, Gens una sumus, yaani sisi ni jamaa moja. Kaulimbiu ni rahisi kuandika. Kinachonigusa zaidi ni kifungu kidogo katika sehemu ya sheria inayohusu kuandika hatua: mchezaji yuko huru kutumia herufi inayotokana na jina la kete kama wanavyoliita kwao. Farasi ataandikwa S na mtoto wa Kijerumani, C na wa Kifaransa, N na wa Kiingereza. Karatasi tatu zenye herufi tofauti, mchezo ni ule ule, na mwamuzi anazipokea zote. Ikiwa sheria ya mashindano inamruhusu mtoto kuingia ukumbini na lugha yake, mimi mwalimu nina haki gani ya kumvua lugha hiyo mlangoni?

Msimamo wangu ni kwamba kocha anayefundisha watoto ughaibuni, nusu ya kazi yake au zaidi ni malezi. Wala si hisani anayoifanya baada ya saa za kazi. Kwa hiyo malezi hayo yapewe muda, yafundishwe, yalipwe, na yawekewe mipaka.

Wapo makocha wenzangu wanaosema sisi ni walimu wa mchezo, kulea kuna wenyewe. Nawaheshimu, na baadhi yao wana vyeti vikubwa kuliko changu. Lakini hebu tuitazame simu iliyo mfukoni mwa mtoto. Stockfish, programu inayopatikana bure, inacheza vizuri kuliko bingwa yeyote wa dunia aliyewahi kuishi, na kosa hulionyesha kwa sekunde chache. Kama kazi yangu ni kumwambia mtoto kwamba hatua yake ya 17 ilikuwa mbaya, basi simu inaifanya bila malipo, tena bila kuchoka. Isichokijua simu ni kwa nini aliicheza hatua hiyo kwa haraka vile. Alibanwa na haja akaona aibu kunyanyuka. Alimwona baba yake mlangoni akitazama saa. Usiku hakulala kwa sababu mama alikuwa akilia kwenye simu akiongea na ndugu wa mbali. Yote matatu nimeyakuta, kwa watoto watatu tofauti, na hakuna hata moja ambalo ningeligundua kwa kuchungulia karatasi ya hatua.

Pagumu kuliko pote ni ukumbi wa mashindano. Sheria inamkataza mtu yeyote kumpa mchezaji ushauri pambano likiendelea, na ni haki iwe hivyo. Kocha anasimama nyuma ya kamba. Pambano la muda mrefu huchukua saa nne, wakati mwingine tano. Unamwona mtoto wa miaka minane, miguu haijafika sakafuni, anamgusa malkia kwa pupa kabla hajaamua ampeleke wapi. Kete uliyoigusa kwa nia ya kuicheza lazima uicheze, almradi inachezeka. Naye anajua. Mkono unabaki juu ya malkia, macho yanautafuta mlango, na wewe uliye mlangoni huna ruhusa hata ya kutikisa kichwa. Huwa nafumbata mikono yangu mgongoni.

Kisha anatoka. Kwangu mimi, dakika kumi zinazofuata ndizo zinazoonyesha kocha ni wa namna gani. Wapo wanaomfungulia mtoto simu pale pale koridoni wamwonyeshe jinsi alivyokuwa anashinda kabla hajaharibu. Hilo silikubali kwa mtoto yeyote, na kwa mtoto mgeni naliona ni ukatili, hata kama anayelifanya hana nia mbaya. Maji kwanza. Msalani. Halafu tunatoka nje, tunalizunguka jengo, kukiwa na baridi tunavaa makoti, na simuulizi kitu mpaka aanze yeye.

Kuna binti mmoja alizunguka nami mara saba bila kutamka neno. Mara ya nane akasema, "Kocha, nilitaka mama aniulize nimeshindaje." Mama yake alikuwa nchi nyingine akisubiri viza, mwaka wa pili huo. Binti alikuwa amejiwekea kwamba atampigia simu akiwa na ushindi, na siku ile hakuwa nao. Tulimpigia hata hivyo, shangazi aliyekuwa akimlea akiwa pembeni yetu. Mama hakuuliza matokeo kabisa. Aliuliza kama amevaa soksi nzito. Pambano tulilichambua kesho yake baada ya chai, kwa dakika ishirini, na kosa lake alilionyesha mwenyewe kwa kidole kabla sijafungua mdomo.

Mfano ninaowapa wazazi mara kwa mara ni wa Fahim Mohammad. Alifika Ufaransa mwaka 2008 pamoja na baba yake, akiwa na miaka minane, kutoka Bangladesh. Baba aliomba hifadhi, akanyimwa. Wakabaki bila vibali, na kuna vipindi hawakuwa na mahali pa kudumu pa kulala. Katika klabu ya Créteil, karibu na Paris, mtoto huyo alimpata kocha aliyeitwa Xavier Parmentier. Mwaka 2012 Fahim akawa bingwa wa Ufaransa wa watoto walio chini ya miaka 12. Nchi ikajikuta na bingwa ambaye kwa sheria zake hakutakiwa kuwemo nchini. Swali likafikishwa redioni kwa waziri mkuu wa wakati huo, François Fillon, na hatimaye baba na mwana wakapata vibali vya kukaa.

Watu huipenda habari hiyo kwa sababu ya kombe na waziri mkuu. Mimi huwaza ile miaka minne ya katikati. Mtoto asiyejua usiku atalala wapi, anakaaje saa nne mbele ya ubao akipiga hesabu ya vitunda, zile kete ndogo za mstari wa mbele? Hawezi, mpaka awepo mtu mzima aliyeibeba hofu hiyo kwa niaba yake, kwa muda tu, ili mikono yake ibaki mitupu kwa ajili ya mchezo. Wanaosema malezi huzaa wachezaji laini, nawaomba waanzie hapo.

Sasa upande mwingine, ambao sisi tunaohubiri malezi hatuusemi vya kutosha. Mtoto mgeni akimpenda kocha wake, humpenda kwa moyo wote, na mtu mzima anayependwa hivyo anakuwa na nguvu kubwa mno juu ya mtoto. Nguvu hiyo inaweza kuumiza, na wako watu waovu wanaoitafuta kwa makusudi. Kwa hiyo sifundishi mtoto mmoja nyuma ya mlango uliofungwa. Ujumbe wangu kwa mtoto hupitia kwenye kundi ambalo mzazi yumo. Safarini tunakuwa watu wazima wawili, la sivyo hatuendi. Semina ya kwanza ya makocha niliyohudhuria ilikuwa na mengi mazuri kuhusu mwisho wa pambano, pale zinapobaki hasa ngome na vitunda, lakini haya hayakutajwa. Niliyajifunza kwa kuwauliza walimu wa chekechea.

Na nia njema nayo inahitaji mipaka. Majira fulani ya baridi mvulana mmoja alikuwa akija darasani na raba zilizotoboka. Nikamnunulia viatu, nikampa. Kesho yake mama yake akaja, akanisalimia kwa adabu zote, akasema, "Mwalimu, ungeniambia mimi kwanza." Kumbe alikuwa akiweka akiba kidogo kidogo kwa ajili ya viatu vya mwanawe, amebakiza wiki mbili. Badala yake alimwona akirukaruka sebuleni na viatu vya mtu mwingine. Nilimwomba radhi akanisamehe, lakini sura yake siku ile sijaisahau. Nilikuwa nimempa mtoto furaha kwa kumpunguza mama machoni pake. Tangu hapo msaada wowote unapitia mkononi mwa mzazi, na ikiwezekana mtoto asijue kabisa umeanzia wapi.

Miezi michache baadaye nilikuwa nikizungumza kwa simu na binti yangu mwenyewe, aliyebaki nyumbani na mama yake. Nikamsimulia kisa cha viatu, nikidhani namfundisha jambo. Akanyamaza, kisha akauliza, "Baba, mimi siku hizi navaa saizi gani?"

Sikujua. Namba ya mtoto wa watu niliijua kwa kichwa, ya mwanangu sikuijua.

Tuko wengi wa namna hii, makocha tunaolea watoto wa wenzetu huku wa kwetu wakitusikia kwenye simu. Mimi na binti yangu tunacheza pambano moja kwenye intaneti, hatua moja kwa siku, na ziko siku naichelewesha yangu kwa sababu kuna mtoto mwingine analia koridoni. Sioni namna ya kulifanya jambo hilo lisiniume, na nadhani lisiponiuma nitakuwa nimeharibika.

Ndiyo maana nazirudia klabu na shule zinazotuajiri. Nyingi humlipa kocha saa za darasani tu. Mazungumzo na wazazi, safari, usiku wa kukesha na mtoto aliyepandwa na homa ugenini, yote huhesabiwa kuwa ni moyo wa kujitolea. Moyo upo. Lakini moyo haumpi kocha likizo ya kwenda kuwaona wanawe, wala hauleti mtu mzima wa pili kwenye treni. Viandikwe katika mkataba. Kocha afunzwe kulinda watoto kabla hajafunzwa ufunguzi wa Kisisilia au namna nyingine yoyote ya kuanza pambano. Na klabu isiyoweza kumgharimia mtu mzima wa pili isiwapeleke watoto nje ya mji, hata kama kuna nafasi ya medali. Nalisema hili nikijua kwamba kwa kipimo hicho baadhi ya safari zangu za miaka ya mwanzo zisingefanyika, pamoja na ile tuliyorudi nayo kombe. Zisingefanyika, na ingekuwa sawa.

Jumamosi tunaondoka na watoto sita, watu wazima wawili. Daftari langu la safari lina majina yao, dawa zao, vyakula visivyowafaa, namba za wazazi, na lugha ambayo kila mmoja huilia akiumia. Ukurasa wa kwanza kabisa una saizi ya kiatu cha binti yangu, 35, niliyomwomba mama yake anitumie. Mtoto wa sita alijiunga nasi wiki mbili zilizopita. Anacheza kwa utulivu, vitunda vyake anavisukuma kwa kidole kimoja, na bado hajasema neno na mtu yeyote. Kwenye ile karatasi ya ukutani, pembeni ya majina ya tembo, ngamia na mkimbiaji, nimemchorea safu yake tupu, na kalamu nimeining'iniza kwa uzi mahali ambapo mkono wake unafika.