Mirija ya Nano Haiwezi Joto la Ekzosi

Baridi ya Julai ikitanda Nairobi, jiko la makaa huingizwa ndani ya nyumba ya mabati, mlango ukafungwa na mianya ikazibwa kwa vitambaa. Wengi huamini makaa yakishika wekundu hayana madhara. Bado yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoshikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ndiyo sababu utafiti wa vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mabadiliko ya kemikali, vinavyoigeuza kuwa kaboni dayoksaidi unanigusa, hasa oksaidi za metali (metali zilizoungana na oksijeni) zinazopandikizwa kwenye mirija ya nano ya kaboni, mirija myembamba mno kuliko unywele.

Wazo lenyewe lina nguvu. Ili kuigeuza gesi hii kwenye ekzosi, magari hutegemea platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ghali mno. Oksaidi za shaba, manganizi na kobalti ni nafuu, na kobalti inachimbwa kwa wingi hapo Kongo. Oksaidi huipa kaboni monoksaidi oksijeni yake yenyewe, kisha huziba pengo kwa oksijeni ya hewani. Shida ni kwamba chembe zake hugandamana, na chembe zilizo ndani ya donge hazifikiwi na gesi. Mirija ikioshwa kwa asidi ya nitriki, kuta zake hupata vishikizo vinavyozitawanya chembe hizo.

Wanaotumaini kwamba mirija hii itachukua nafasi ya platinamu kwenye matatu, hapo tunaachana. Mirija ni kaboni, kama makaa yenyewe. Hewani huanza kuungua kwenye nyuzi 500 au 600 hivi, na oksaidi zilizobebwa juu yake hufanya iungue mapema zaidi. Ekzosi ya injini ya petroli inayopanda mlima na mzigo hufika joto hilo bila taabu. Kichocheo kitakula jukwaa lake. Kazi hiyo waachiwe alumina na seria, ambazo ni jamii ya kauri.

Kwenye hewa baridi mambo hubadilika. Hopcalite, mchanganyiko wa oksaidi za manganizi na shaba, ulibuniwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwa ajili ya barakoa za gesi, na wachimba migodi waliutumia baadaye. Adui yake ni unyevu: mvuke ukiifunika, kazi husimama. Mirija kwa asili huyakataa maji, kwa hiyo ingeweza kusaidia. Lakini ile asidi inayoipa vishikizo ndiyo pia inayoifanya iyapende maji. Kwangu mimi, fundo lote la utafiti huu liko hapo, na naona linapitwa haraka mno.

Kuna pia suala la mapafu. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka aina moja ya mirija hii katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Kichujio cha hewa chenye mirija hii kikipasuka chumbani, vumbi lake litavutwa na watoto.

Kwa barakoa za wazima moto, maabara zetu ziendelee. Hapo naunga mkono. Kwa nyumba yenye jiko, kichujio hakirudishi oksijeni iliyoliwa na moto, kwa hiyo dirisha lifunguliwe leo. Na anayedai kichocheo chake kinafaa nyumbani, matokeo ya gesi kavu ya silinda hayanitoshi. Akipime sufuria ya githeri ikitokota kando yake.