Kesi 75, na ile dakika isiyomo daftarini

Kila mwaka napokea ujumbe wa aina moja kutoka kwa vijana waliomaliza shahada ya kwanza, wengine ya uuguzi, wengine ya fiziolojia, wachache ya uhandisi wa vifaa tiba. "Nataka kusoma uzamili wa perfyusheni. Chuo gani kina kesi nyingi?" Hawaulizi ni nani anayefundisha, wala mwanafunzi anafanya nini siku ambazo hakuna upasuaji. Wanauliza kesi tu, yaani idadi ya upasuaji watakaoshiriki. Siwalaumu, maana swali hilo tumewafunza sisi wenyewe.

Kwa asiyeijua kazi hii: perfyusheni ni kazi ya yule aketiye kwenye mashine ya moyo na mapafu wakati daktari bingwa ameusimamisha moyo ili aushone. Damu iliyokolea weusi inashuka kutoka kwa mgonjwa kwa uzito wake yenyewe hadi kwenye tangi. Pampu inaisukuma ipite kwenye oksijeneta, ambayo ndani yake mna maelfu ya nyuzi nyembamba zenye uwazi katikati, hewa ikipita ndani na damu nje. Inatoka nyekundu, inarudi kwenye aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni. Saa moja, mbili, wakati mwingine sita, moyo wa mtu yule ni wewe na kitufe cha kuongeza na kupunguza mwendo.

Nchini Marekani, bodi inayowapa wataalamu hawa vyeti, iliyoundwa mwaka 1975, inamtaka mwanafunzi awe amefanya kesi zisizopungua 75 katika mafunzo yake, na baada ya hapo 40 kila mwaka ili cheti kiendelee kuwa hai. Kwingineko idadi ni nyingine, ila mantiki ni ile ile: hesabu kwanza.

Na hesabu hiyo haikuja bure. Tarehe 6 Mei 1953, huko Philadelphia, daktari wa upasuaji John Gibbon aliziba tundu kwenye ukuta wa ndani ya moyo wa msichana wa miaka 18, mashine ikibeba kazi yote ya moyo na mapafu kwa dakika 26. Nyuma ya dakika hizo ilikuwepo miaka karibu ishirini ya yeye na mkewe Mary kuhangaika na paka maabarani. Wagonjwa waliofuata wakafa, naye akaiacha mashine yake. Mwaka uliofuata, huko Minnesota, Walton Lillehei aliamua kutotumia mashine kabisa: alimlaza mzazi kando ya mtoto, akaunganisha mishipa yao, mapafu ya baba au mama yakawa ndiyo oksijeneta. Mashine ziliporudi na kuenea, aliyeziendesha alikuwa yeyote aliyekuwa karibu na mwenye mikono mitulivu, awe fundi wa maabara ya wanyama, muuguzi au mwanafunzi wa udaktari. Hakukuwa na darasa. Kuwa na daftari linalosema umefanya ngapi, nani alikusimamia, ilikuwa hatua kubwa, na sitaki turudi nyuma yake.

Ninachopinga ni kuliamini daftari kupita kiasi. Linahesabu siku za kawaida, na kazi yetu siku za kawaida ni nyepesi kuliko tunavyojisifu. Tazama inavyokwenda. Daktari wa usingizi anatoa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Dakika chache baadaye unapima muda wa damu kuganda, unasoma kwa sauti, "Mia tano na kumi." Umevuka sekunde 480, basi njia ni nyeupe. Daktari anasema, "Tuingie." Unajibu, "Naingia." Unafungua njia ya vena, bomba linaloishusha damu kutoka kwa mgonjwa, unapandisha pampu polepole, unasema, "Mwendo kamili." Dawa yenye potasiamu inaingia, mstari wa moyo kwenye skrini unalala. Mwanafunzi makini akifanya hivyo mara 20 anaweza. Kuanzia ya 30 anaanza kuchoka. Akifika ya 60 ameshajiona mtu.

Nayasema haya kwa kuwa mimi nilijiona mtu nikiwa na kesi 61.

Ilikuwa ni kubadilisha vali ya moyo, katika hospitali ambayo sitaitaja. Mgonjwa mwanamume, mkubwa wa umbo, pampu ikienda lita 5 kwa dakika. Katikati ya kazi kichwa cha pampu kikasimama. Umeme ulikuwepo, taa zote zinawaka, na betri ya akiba ilikuwa imejaa, lakini betri haisaidii kitu ikiwa kichwa chenyewe ndicho kilichogoma. Nilijua jibu, tena nilikuwa nimelijibu vizuri kwenye mtihani wa maandishi: hendeli, mkono wa chuma wa kuizungusha pampu kwa nguvu zako. Nikageuka kuichukua. Ilikuwa inaning'inia pale pale inapotakiwa kuwa. Nikafungua kifuniko, nikaipachika, nikasita, maana hendeli ina upande wake. Ukiizungusha kinyume unaivuta damu ya mgonjwa itoke kwenye aota badala ya kumpelekea. Mshale upo, nao ulikuwa mbele ya macho yangu, lakini sikuuona.

Kosa langu kubwa, hata hivyo, halikuwa hilo. Pampu imesimama, lakini damu haijui. Inaendelea kushuka kwenye tangi kwa uzito wake. Kwa hiyo mgonjwa anakaushwa huku tangi likijaa, na mimi nina shughuli na mshale. Mkono wa msimamizi wangu ulipita juu ya bega langu, ukabana njia ya vena kwa klempu, kisha njia ya ateri, bomba linaloirudisha damu kwa mgonjwa. Akasema, bila kupandisha sauti, "Kwanza funga, ndipo utafute." Akazungusha yeye. Tulimpoza mgonjwa mapema, hivyo ubongo wake ulikuwa na nafasi ya kusubiri zaidi kidogo kuliko kama angekuwa na joto la nyuzi 37. Aliamka, akatikisa miguu yote miwili, akaomba maji. Mimi sikulala.

Piga hesabu ndogo kama unadhani natia chumvi. Kwa lita 5 kwa dakika, lita moja ni sekunde 12. Tangi likibaki na nusu lita na damu ikaacha kushuka, una sekunde sita kabla pampu haijaanza kumsukumia mgonjwa hewa. Hapo hakuna kufikiri. Ama mwili wako unajua, ama haujui.

Ndiyo maana nashikilia kwamba hakuna anayestahili shahada ya uzamili ya fani hii hadi ameyafanya majanga yote makubwa kwa mikono yake, mara nyingi, mbele ya saa, kwenye mzunguko wa maji, yaani mashine ya mazoezi yenye maji badala ya damu. Pampu kugoma. Oksijeneta kuziba na kubadilishwa. Hewa kuonekana kwenye njia ya ateri, usimamishe, ubane, kichwa cha mgonjwa kishushwe. Mtu kusahau kuzima mvutio wa damu, mrija unaoinyonya kutoka kifuani kwenda tangini, baada ya protamini, dawa ya kuiondoa nguvu heparini, kuanza kuingia, tangi zima likawa kama maini. Vifaa vyake si vya ajabu. Oksijeneta zilizopitwa na muda hutupwa kila mwezi, pampu ya zamani ipo stoo, na maji yenye rangi nyekundu yanatosha kumtoa mtu jasho. Mara yangu ya kwanza kubadilisha oksijeneta ya mazoezi ilinichukua dakika sita na ushee, na kiatu kimoja kilijaa maji. Mara ya nane nilifanya kwa dakika mbili na kidogo.

Nimewahi kuambiwa kwamba haya ni mambo ya ufundi, kwamba uzamili ni utafiti. Wanaosema hivyo wananifanya nionekane adui wa tasnifu, nami si adui. Mwaka 2005 mtafiti Marco Ranucci na wenzake walionyesha kwamba oksijeni inayowafikia wagonjwa wakiwa kwenye pampu ikishuka chini ya kama mililita 272 kwa dakika kwa kila mita ya mraba ya mwili, figo ndizo zinazolipa. Sasa chukua mgonjwa ambaye hemoglobini yake, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, imeshuka hadi gramu 7.5 kwa desilita, unampa mwendo wa lita 2.4 kwa dakika kwa kila mita ya mraba. Ukikokotoa unapata kama 256. Mwanafunzi asiyesoma ataridhika na 2.4 kwa sababu ndiyo namba ya kitabuni, au ataomba chupa ya damu. Aliyesoma atapandisha mwendo hadi 2.7, atavuka 280, na huenda damu isihitajike. Hiyo ni tasnifu iliyogeuka kuwa kidole kwenye kitufe. Ninachokataa ni zile tasnifu za kujaza kurasa, dodoso 40 kuhusu "mtazamo wa wahudumu", huku mwandishi hajui hendeli inazunguka upande gani.

Kwa hiyo ukiniandikia, uliza mengine. Uliza kama chuo kina chumba chenye pampu ya maji na kama kinafunguliwa jioni. Uliza msimamizi huwa anakaa wapi wakati wa kesi: nyuma ya bega lako au kwenye chumba cha chai. Uliza mtu akikosea inaandikwa wapi.

Hilo la mwisho nina sababu ya kulitaja. Daftari langu la uanafunzi bado ninalo. Kesi ya 61: kubadilisha vali, dakika 94 kwenye pampu, saini ya msimamizi. Kwenye safu ya matatizo, kwa mwandiko wangu, pameandikwa "hakuna".