Magofu ya Wagiriki na Warumi: yasimamishwe, au yaachwe yalipoangukia?

Pale Olympia, kusini magharibi mwa Ugiriki, hekalu la Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale, limelala chini. Lilikamilika karibu mwaka 456 KK, na ndani yake iliwekwa sanamu ya Zeus iliyotengenezwa na Pheidias, moja ya maajabu saba ya dunia ya kale. Matetemeko ya ardhi ya karne ya 6 BK yakaziangusha nguzo zake. Kila nguzo ilikuwa imeundwa kwa vipande vya mviringo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kwa hiyo zilipoanguka ubavu vipande vilibaki vimelaliana kwa mstari, kama mhogo uliokatwakatwa ubaoni. Ukizunguka hapo unaona wazi nguzo ilielekea upande gani siku ile. Ukiinama, unaona makombe ya baharini ndani ya jiwe lenyewe, maana mafundi walitumia mawe ya chokaa ya eneo hilo na kuyapiga lipu nyeupe yafanane na marumaru. Mwaka 2004, Michezo ya Olimpiki iliporudi Ugiriki, nguzo moja ilisimamishwa tena. Moja tu, kati ya 34.

Kwa nini moja, na si zote? Na kwa nini hata hiyo moja? Ubishi huu umewagawa wanaakiolojia kwa zaidi ya miaka 100. Upande mmoja unataka magofu yasimamishwe ili mgeni ayaelewe. Upande wa pili unataka yaachwe yalivyokutwa, yasije yakasema yasiyokuwepo. Nina upande wangu na nitausema, lakini hoja za wanaotaka kujenga ni nzito kuliko wasomi wengi wanavyokubali.

Mtu wa kawaida hasomi msingi. Mwanaakiolojia akiona mstari wa mawe yanayofika magotini, anaona ukuta, mlango na chumba cha kulia. Msafiri aliyehangaikia viza, akalipa nauli kutoka Nairobi au Dar es Salaam, na mwenye siku moja tu ya kukaa hapo, anaona mawe. Jua linamchoma, kibao cha maelezo kimepauka, na baada ya saa moja anatafuta kivuli. Huwezi kumlaumu.

Sasa mpeleke Ephesus, magharibi mwa Uturuki. Maktaba ya Celsus ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 2 BK, enzi za Warumi, na Gaius Julius Aquila kwa heshima ya baba yake, Celsus, ambaye kaburi lake liko humohumo chini. Ilipofukuliwa mwanzoni mwa karne iliyopita ilikuwa rundo la mawe yaliyoporomoka. Wataalamu wa Austria waliusimamisha uso wake kati ya mwaka 1970 na 1978, na leo uso huo wa ghorofa mbili ndio unaomfanya mgeni asimame katikati ya barabara na kuinua shingo. Hapo ndipo anapotambua kwamba miji hii ilikwenda juu, kwamba mtu aliyepita hapa miaka 1,900 iliyopita alijiona mdogo, na kwamba ndivyo mjenzi alivyotaka. Ramani haiwezi kukupa hisia hiyo. Kweli, sanamu nne za wanawake zilizo kwenye zidaka zake ni nakala, na zile za asili ziko Vienna. Lakini mawe mengi ni yaleyale yaliyolala pale, na yamerudishwa kwa sababu palikuwa na ushahidi wa mahali yalipokuwa.

Neno hilo, ushahidi, ndilo linalotupeleka Knossos.

Knossos iko kisiwani Krete. Ni jumba la Waminoa, watu waliowatangulia Wagiriki tunaowajua, ingawa wasafiri wengi huliweka kwenye safari moja na mahekalu ya Wagiriki. Mwingereza Arthur Evans alianza kulifukua mwaka 1900, na tumtendee haki kabla ya kumhukumu. Nguzo za jumba lile zilikuwa za mbao, na mbao hizo zilikuwa zimeshatoweka zamani. Kilichokuwa kinazishikilia kuta na ngazi ni udongo, na udongo ndio aliokuwa anauondoa. Mihimili ya mbao aliyoiweka kwanza ilioza kwa mvua; akaleta chuma, na kufikia miaka ya 1920 akahamia kwenye zege lenye nondo. Bila hatua hizo, Ngazi Kuu inayoshuka ghorofa kwa ghorofa isingekuwepo. Kufukua bila kutegemeza ni kubomoa.

Ila Evans hakuishia kwenye kutegemeza. Aliinua vyumba vya juu ambavyo mpangilio wake aliukisia, akasimamisha nguzo za zege zilizopakwa rangi nyekundu na nyeusi, na akawatumia wachoraji kujaza michoro ya ukutani pale ambapo palikuwa na vipande vichache tu. Mfano mmoja unatosha kuonyesha hatari yake. Kulikuwa na vipande vya mchoro wa kiumbe chenye mwili wa rangi ya buluu kikiwa katikati ya maua ya zafarani. Evans alimwona mvulana anayechuma maua, na picha ikakamilishwa hivyo. Baadaye wataalamu walitambua kwamba yule si mvulana, ni tumbili. Hata picha maarufu ya mwanamfalme aliyevaa taji la maua imeunganishwa kwa vipande ambavyo baadhi ya wasomi wanaamini vilitoka kwenye miili ya watu tofauti.

Tumbili alisahihishwa kwa sababu vipande vilikuwepo na vingeweza kupangwa upya. Ukuta wa zege hausahihishwi kirahisi hivyo, na hilo ndilo linalonisumbua Knossos. Mgeni anayepiga picha nguzo nyekundu akiamini ina umri wa miaka 3,500 hajadanganywa na mtu mbaya. Amedanganywa na mtu aliyeipenda kazi yake kupita kiasi na akashindwa kuacha pengo libaki pengo.

Athens walipata funzo kama hilo kwa njia ya maumivu. Parthenon, hekalu la mungu wa kike Athena, ilisimama karibu nzima hadi mwaka 1687, Waturuki wa Dola ya Osmani walipohifadhi baruti ndani yake na kombora la jeshi la Venice likailipua. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, mhandisi Nikolaos Balanos alisimamisha nguzo na kuunganisha mawe kwa vyuma. Wajenzi wa kale nao walitumia vyuma, ila wao walivizungushia risasi, ile metali laini, ili maji yasivifikie. Vya Balanos vikapata kutu, vikavimba ndani ya marumaru, na vikapasua mawe ambayo hata baruti haikuyamaliza. Tena vipande vingine vilikuwa vimerudishwa mahali pasipo pake.

Tangu mwaka 1975 kuna kamati maalumu ya kuokoa majengo ya Acropolis, kilima cha Athens ilipo Parthenon. Mafundi wanafungua kazi ya Balanos jiwe kwa jiwe, wanatoa chuma na kuweka titaniamu, metali isiyoshika kutu. Pengo likihitaji kujazwa, hukata marumaru mpya kutoka mlima wa Penteli, uleule yalikotoka mawe ya kale, na kuichonga ifuate umbo la mpasuko, bila kugusa jiwe la kale. Ile mpya ni nyeupe zaidi, kwa hiyo macho yanaitambua. Bei ya uangalifu huu ni muda: vizazi vya wageni vimeikuta Parthenon ikiwa na winchi na majukwaa ya mafundi. Aliyefika mara moja maishani na kukuta nusu ya hekalu imezibwa ana haki ya kusikitika.

Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wengi duniani wanaufuata, unasema ukarabati ukome pale makisio yanapoanzia, na kwamba katika magofu kinachoruhusiwa ni kurudisha vipande vilivyokutwa, si kujenga upya. Mimi niko upande huo. Hata hivyo kuna jengo moja linalonizuia kuufanya msimamo huu kuwa sheria isiyopinda: Stoa ya Attalos, yaani baraza ndefu yenye nguzo, palepale Athens, chini ya Acropolis. Ilijengwa karne ya 2 KK na Attalos, mfalme wa mji wa kale wa Pergamon, ikaharibiwa mwaka 267 BK, na Wamarekani wakaijenga upya karibu yote, ikakamilika mwaka 1956. Kwa kipimo cha Venice ni kosa. Lakini ingia humo saa saba mchana mwezi wa Julai: baraza ndefu, kivuli, upepo kati ya nguzo. Utaelewa kwa nini biashara na mabishano ya mji yalifanyikia mahali kama hapa. Utaona pia kwamba nguzo za nje hazina mifereji ya kuchongwa sehemu ya chini, kwa kuwa huko ndiko watu walikopita wakizigusa na mizigo yao, na kingo zingevunjika. Msingi ulikuwepo, vipande vya kila sehemu vilikuwepo, na hakuna anayeficha kwamba jengo ni la karne iliyopita.

Kwa hiyo kinachotofautisha Stoa na Knossos kwangu si kiasi cha jiwe jipya. Ni kiasi cha kubahatisha, na kama mgeni anaambiwa. Mwezi Julai 2025 UNESCO iliiingiza Knossos kwenye orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na majumba mengine ya Waminoa, na zege la Evans nalo limezeeka, nondo zake zinashika kutu kama vyuma vya Balanos. Kulibomoa kungeharibu vilivyo chini yake. Litengenezwe, basi, lakini kila nguzo ya zege iwe na alama inayoonekana hata kwa asiye na kiongozi wa watalii, yenye mwaka iliyowekwa na jina la aliyeiweka.