Wafadhili wakiondoka FDC zetu (vyuo vya maendeleo ya wananchi) wanaachiwa kina nani?

Ndugu zangu, mimi nimesoma folkhögskola hapa Göteborg, Sweden. Kwa wasiojua, hivi ni vyuo vya wananchi, mtu mzima yeyote anaweza kuomba, ada hakuna, serikali kuu na mkoa ndo wanagharamia. Cha kwanza kilifunguliwa 1868 na sasa viko zaidi ya 150. Kilichonigusa ni kwamba FDC zetu zimezaliwa humu humu, Mwalimu Nyerere aliupenda mfumo huu, vya kwetu vikaanza 1975 na Sweden ikatushika mkono, tukapata vyuo hamsini na kitu nchi nzima.

Sasa likizo iliyopita nikapita chuo cha wilayani kwetu. Karakana ya useremala kuna mashine ya kuranda ya enzi za msaada, chuma kizito kizima kabisa, ila mkanda umekatika na fundi anasema wameomba hela ya OC, yaani ya matumizi ya kawaida, mpaka wamechoka, vijana wanasukuma randa ya mkono tu. Mkanda jamani! Iliniuma sana.

Wabongo wengi huku wanasema ni wizi, na nyumbani wapo wanaosema wazungu hawatutakii mema. Mimi naona shida inaanzia kwenye makubaliano yenyewe, mfadhili anakuja na mradi wa miaka mitano, anasaini na Hazina, gari za DFP, zile za miradi ya wafadhili, zinaingia, semina, posho, ripoti, alafu mwaka wa mwisho ndo watu wanaulizana nani ataendelea kulipa, na wanakijiji hata siku moja hawajaonyeshwa kilichosainiwa. Huku kodi ya kommuni (kama halmashauri kwetu) na mkoa inachukua karibu theluthi ya mshahara, inauma, lakini naenda ofisini naomba karatasi za matumizi napewa, haki hiyo wanayo tangu 1766.

Na tusiseme haiwezekani kwetu. Mfuko wa pamoja wa afya upo tangu 1999, wafadhili wanachangia pamoja na hela inapitia mfumo wa serikali, siku hizi inafika mpaka akaunti ya zahanati, na kamati ya zahanati ina wananchi ndani wanaojua imeingia shingapi na imenunua nini. Hivo ndo nataka kwenye FDC na kila mradi mwingine, pamoja na mwaka ambao serikali inabeba gharama, uandikwe siku ya kusaini sio siku ya kuagana.

Muda wenyewe hatuna. Sweden iliachana na lengo la kutoa asilimia 1 ya pato lake kama msaada mwaka 2022, USAID, shirika la misaada la Marekani, imefungwa 2025, wote mmeona ilivyokuwa. Kwa hiyo mbunge wenu akirudi jimboni kabla ya bunge la bajeti muulizeni hivi, miradi ya wafadhili wilayani kwetu ni ipi, inaisha lini, na fungu la kuiendeleza liko wapi. Akisema atafuatilia, mwambieni alete kwa maandishi yabandikwe ofisi ya kata.